Mwisho Niliompa Mwalimu

Kadi ilikuwa imebanwa kifuani kwa pini, upande wa moyo, na jina lake limepigwa taipu kwa herufi kubwa. Kila alipotoka kwenye kongamano alikuja nayo kwangu moja kwa moja, hata kabla ya kupita kwake kuvua viatu. Jina hilo nimelisoma mara nyingi kuliko mkewe, lakini hapa silitaji. Yeye naye aliwahi kuniandika bila jina, nitafika huko. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na Mwalimu inatosha.

Alikozaliwa sikujui na sikuwahi kumwuliza. Mimi namjua kuanzia kwenye kochi langu.

Na kochi hilo nalo lieleweke. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kisha nikashika nyundo. Nilianza soko la Gikomba, juani, na nyundo moja na kipande cha reli, nikitengeneza masanduku ya bati ya watoto wa shule za bweni. Leo nina karakana Industrial Area, na watu wenye digrii zao wameweka vyeti vyao ndani ya masanduku yangu. Televisheni ya kwanza katika mstari wetu wa nyumba ilikuwa yangu. Video zilipoingia Nairobi, deki ya kwanza mtaani, kutoka Jogoo Road mpaka kule nyumba zinakoishia, ilikuwa yangu pia. Ningeweza kuhamia kwa matajiri wenzangu. Sikuhama. Huko nani angenijua?

Basi Mwalimu alikuwa jirani yangu, mlango wa tatu. Alifundisha shule ya upili, lakini macho yake yalikuwa chuo kikuu. Alitaka kuwa mhadhiri. Hilo halikuwa siri, alilisema kwenye mfereji wa maji, alilisema kinyozini, alilisema mazishini. Kongamano lolote likitangazwa mjini, la lugha, la fasihi, la utamaduni, yeye yumo. Mara moja aliingia la wataalamu wa udongo kwa kukosea mlango, akakaa mpaka jioni, akauliza na swali.

Akirudi huko alikuwa amechoka kama mtu aliyeshusha magunia. Anagonga, mke wangu anamfungulia, anakaa pembeni mwa kochi, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti. Nami sikumwachia televisheni hivi hivi. Kwanza ilibidi alipe kwa mdomo, mbele ya majirani waliojaa sebuleni.

"Haya Mwalimu, leo mmeamua nini huko?"

"Hatuamui, bwana. Tunatafakari."

"Siku tatu?"

"Siku tatu ni chache."

"Mimi siku tatu natoa masanduku arobaini."

Watu wanacheka. Fundi saa wa nyumba ya mbele, mtu mwenye meno ya dhahabu na ulimi mbaya, anaongeza: "Prof, tafakari na kodi ya nyumba basi." Mwalimu anacheka pia, kidogo, anatazama kioo cha televisheni ambacho bado kiko cheusi. Hapo ndipo ninabonyeza kitufe.

Alikuwa na msemo wake. Akishatoa wazo lolote, hata kwamba mvua itanyesha, alimalizia: "Lakini hayo ni maoni ya muda." Watoto wa mtaa wakauchukua. Mmoja anamwambia mwenzake wewe ni mjinga, kisha anaongeza, lakini hayo ni maoni ya muda. Nami niliulea, nisiseme uongo. Niliutumia mpaka karakana, nikifukuza mtu kazi.

Shuleni Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake kwamba sinema zinaozesha akili. Wazazi walituletea habari hizo. Lakini kwenye kochi langu alikuwa mtu mwingine. Staa akipigwa, Mwalimu anashika shingo yake mwenyewe. Adui akijificha nyuma ya pazia, Mwalimu anamwonya staa kwa Kiswahili cha vitabu: "Geuka, ewe ndugu, geuka." Sinema za Kihindi ndizo zilizomwua kabisa. Alilia bila kuficha, akajifuta kwa ile tai yake moja ya kijani, huku akila njugu na kutia maganda mfukoni ili asichafue zulia langu. Mke wangu alimpenda kwa hayo maganda. "Huyo ni mtu wa adabu," alisema. Nami nikamjibu kwamba adabu ni ya mtu asiye na zulia lake.

Kihindi hakukijua. Mimi ndiye niliyekijua, nilikiokota dukani kwa Mhindi aliyeniuzia bati, miaka sita ya kubebeshwa na kutukanwa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri. Na hapa kuna jambo la mtaani kwetu ambalo watu wa sehemu nyingine huenda hawalijui. Wengi hawakuwa na pesa ya kuingia sinema mjini. Aliyeingia aliwajibika kuja kuwahadithia waliobaki, barazani, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa mikono na miguu. Na sheria ilikuwa moja. Katikati ongeza utakavyo. Ngumi mbili zifanye ishirini, farasi mmoja umfanye kikosi. Lakini mwisho usiuguse. Mwisho unaupeleka kama ulivyoupokea. Mtu aliyekamatwa amedanganya mwisho hakusikilizwa tena na yeyote. Nimeona vijana wakipigana kwa hilo.

Mimi nilikuwa msimuliaji mkubwa kuliko wote. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Hata waliokwisha kuiona sinema walikuja kuisikia kwangu.

Mwalimu alilipenda jambo hili kuliko sinema zenyewe. Akaanza kuja na daftari. Mimi nasimulia, yeye anaandika. Nilijisikia vizuri, nakiri. Nikavuta sauti, nikaweka madoido. Mpaka jioni moja alipotoka kwenda msalani akaacha daftari wazi kwenye kochi, nami nikalivuta nisome nilivyoandikwa. Nasoma polepole lakini nasoma. Ilikuwa hivi: *Mtoa habari wa pili. Fundi bati. Elimu: darasa la nne. Ana majigambo, lakini kumbukumbu nzuri.*

Wa pili. Sikujua hata wa kwanza alikuwa nani.

Nilirudisha daftari mahali pake. Kuanzia siku hiyo nikabuni mchezo. Sinema ikibaki dakika kumi kumalizika, nazima deki.

"Bwana, bado haijaisha," anasema.

"Mwisho ni wa mwenye nyumba, Mwalimu. Utausikia kesho."

Naye kesho yake anakuja, anasimama mlangoni na daftari lake, mtu mzima mwenye mvi masikioni, akisubiri nimalize chai ndipo nimwambie kama staa alipona. Wakati mwingine nilimwambia nimesahau, aje jioni. Alikuja. Mke wangu alininyima maneno siku mbili kwa sababu ya mchezo huo, kisha akazoea.

Ndipo ikaja sinema ya mama wa bangili. Mama mmoja anauza bangili stesheni ya gari moshi. Mwanawe aliibwa akiwa mchanga, naye amekaa stesheni hiyo miaka ishirini kwa sababu hapo ndipo alipoibiwa. Mwana amekua, amekuwa tajiri, hajui lolote. Siku ya kwenda kuoa anashuka stesheni hiyo hiyo, anamwendea mama huyo kumnunulia bibi harusi bangili. Ananyosha mkono kuchagua, kovu la utotoni linaonekana. Mama ameliona.

Hapo nikazima.

Mwalimu alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Majirani walicheka mpaka fundi saa akashika ukuta.

Kesho yake alifika kabla sijaondoka kwenda kazini. Mimi mwisho nilikuwa nimeuona. Mama anapiga kelele, mwana anaanguka miguuni pake, mwizi wa mtoto anatokea na bastola na kukamatwa, kisha stesheni nzima, na wapagazi, na mkata tiketi, wanacheza ngoma. Lakini nilimtazama pale mlangoni na daftari lake, nikaona "mtoa habari wa pili," nikafungua mdomo na huu ndio mwisho niliompa:

"Mama ananyamaza. Anamfungia bangili kwenye karatasi. Hamwambii. Anaona mwana amefika mahali ambapo mama muuza bangili atamharibia. Gari moshi linaondoka, mama anapanga bangili zake upya. Basi."

Aliandika mpaka kalamu ikakwaruza. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa maji.

"Huu," akasema, "ni mwisho wa watu wetu."

"Hayo ni maoni ya muda," nikamwambia. Nikaenda kazini nikicheka njia nzima.

Sikujua angejenga nyumba juu yake. Nilipojua, sikuibomoa. Miezi ilipita, Mwalimu akaandika mada ya kongamano kubwa chuoni, kuhusu jinsi watu wa Eastlands, upande wetu wa mji, wanavyohadithiana sinema, na uti wa mgongo wa mada hiyo ulikuwa ule unyamavu wa mama. Alinieleza yote, amesimama uwanjani kwangu. Wakubwa wa idara walikuwa wamemwambia kwamba nafasi ya mhadhiri iko wazi, na kwamba watamsikiliza siku hiyo. Umri wake haukuruhusu nafasi nyingine baada ya hiyo. Mkewe alikuwa ameshanunua vitambaa vya mapazia kwa vipimo vya nyumba za chuo, zile zenye madirisha mapana. Nilikuwa na wiki mbili za kumwambia. Nilimtengenezea sanduku jipya la bati la kubebea karatasi zake, zawadi, nikalipiga rangi ya bluu na kulitia kona za shaba. Lakini la mwisho wa sinema sikumwambia.

Alinialika. Nilivaa suti, ile ya kijivu yenye mistari, nikakaa kiti cha mbele. Ukumbi ulijaa miwani. Mwalimu akapanda, akasoma, na lazima niseme alisoma vizuri. Alipofika kwa mama anayepanga bangili zake upya, watu waliacha kupekua karatasi zao. Hata mimi nilisahau kwamba yale maneno ni yangu.

Kisha wakaruhusu maswali. Akasimama daktari mmoja kijana, aliyerudi karibuni kutoka masomo ya ng'ambo, mkono mmoja mfukoni.

"Nashukuru kwa mada," akasema. "Tatizo langu ni dogo. Filamu hiyo nimeiona. Mama hanyamazi. Anapiga kelele, wanakumbatiana, kisha wanacheza ngoma kama dakika kumi hivi. Sasa sijui mwenzetu aliitazama ipi."

Ukumbi uliangua kicheko. Si kicheko cha sebuleni kwangu. Hiki kilikuwa cha kufunika mdomo, cha kuinamia karatasi.

Mwalimu hakuyumba. Hata alitabasamu, maana alikuwa na hakika. Alininyoshea mkono. "Mwenye kaseti yuko hapa hapa. Yeye ndiye aliyenisimulia, na katika mtaa wetu mwisho haudanganywi. Nimelieleza hilo ukurasa wa nne. Bwana, tafadhali, waambie."

Vichwa vyote vikanigeukia. Maprofesa. Watu ambao hawajawahi kunitazama isipokuwa kuuliza bei. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Ningesema nilimtania, wangenicheka mimi. Fundi bati, darasa la nne. Na mtaani nani angenisikiliza tena?

"Mimi nilimwambia mama analia na wanacheza," nikasema. "Kama daktari alivyosema. Labda Mwalimu alisinzia. Husinzia sana kwenye kochi langu."

Walicheka tena, na safari hii walicheka pamoja nami. Ilikuwa tamu, sitaficha. Msimamizi wa kikao aligonga meza, akashukuru, akaita anayefuata. Mwalimu alipanga karatasi zake moja baada ya nyingine, akazitia kwenye lile sanduku la bluu, akashuka ngazi akitazama mahali pa kuweka mguu.

Nafasi alipewa mwingine. Lakini nilidhani angalau nitapumzika na uso wake. Jumamosi hiyo hiyo ya kongamano, saa kumi na moja jioni, mlango ukagongwa. Mke wangu akafungua. Alikuwa yeye, na kadi bado kifuani.

"Shikamoo Mwalimu," mke wangu akasema, sijui kwa nini. Hakuwa amewahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba, mama."

Akakaa pembeni mwa kochi, magoti pamoja. Majirani waliokuwepo walikwisha kupata habari, hakuna aliyemwuliza wameamua nini. Hata fundi saa alitazama saa yake.

"Naomba unionyeshe ule mwisho," Mwalimu akaniambia.

Niliweka kaseti. Sikuizima. Mama akapiga kelele, mwana akaanguka, bastola, polisi, ngoma. Mkata tiketi akazungushwa hewani. Mwalimu alitazama yote, bila njugu, bila kushika shingo, mpaka maandishi yakapita na kioo kikabaki na chengachenga tupu. Akainuka, akachukua mkoba wake.

"Wako ulikuwa bora," akasema. "Na hayo si maoni ya muda."

Hakurudi kwangu tena. Mapazia yalitundikwa kwenye madirisha yao madogo ya mtaani, yamekunjwa mara mbili, yakiburura sakafuni, mkewe hakutaka kuyakata. Shuleni wanafunzi walisikia, vijana husikia kila kitu, wakawa wakisinzia kwa makusudi akiingia darasani, darasa zima, vichwa juu ya madawati. Alivumilia mihula miwili akaacha kazi. Wakahama mtaa bila kuaga. Mimi niliendelea kusimulia sinema barazani, na watu waliendelea kuja, ingawa niligundua kwamba wengine walianza kuniuliza, nikishamaliza: "Kweli iliisha hivyo?"

Nilimwona tena mara moja tu, na haikuwa zamani.

Mfanyakazi wangu mmoja, mtu mwenye familia, alikatwa vidole vitatu na mashine ya kukata bati, akanishtaki mahakama ya Makadara. Mashine ile ilikuwa na kinga ya chuma, nami niliiamuru itolewe kwa sababu ilichelewesha kazi. Nilihitaji maelezo yangu yapigwe taipu. Karani akanielekeza nje: "Nenda kwa mzee wa taipu, pale chini ya ukuta."

Nililitambua sanduku kabla ya mtu. La bluu, kona za shaba, rangi imebabuka. Mashine ya taipu ilikuwa juu yake. Kazi yangu haiharibiki, hilo ndilo wazo lililonijia kwanza. Kisha nikamwona yeye, kwenye kibao, amekonda, ile tai ya kijani shingoni.

"Mwalimu," nikasema.

"Keti." Akatia karatasi. "Jina?"

"Lakini wewe unanijua, Mwalimu."

"Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Nikalitaja. Akalipiga lote, matatu, bila kukosea herufi.

"Kazi?"

"Mkurugenzi."

Akapiga. Hakuuliza elimu. Nikaanza kueleza na vidole vyake vikanifuata, sikuhitaji kurudia neno. Nilieleza asubuhi ile, bati lililoletwa, jinsi nilivyowahimiza watu wawe waangalifu, ingawa sikuwahimiza. Niliongeza hapa na pale. Yeye alipiga tu. Nikafika pale mkono unapoingia kwenye mashine. Vidole vyake vikasimama.

"Na mwisho?" akauliza.

"Alikuwa amelewa."

Aliinua macho, mara ya kwanza. Yalikuwa makavu. Mwanamke aliyesubiri nyuma yangu alikohoa. Mwalimu akazungusha karatasi, akaitoa, akaiweka juu ya kifuniko cha sanduku na kunisogezea kalamu. Chini palibaki nafasi ya mstari mmoja.

"Huo andika mwenyewe," akasema. "Mimi mwisho wako nilishausema mara moja, mbele za watu."

Pale kulikuwa na watu, nao walinijua, nina magari mawili na jina langu limeandikwa ubavuni. Nilishika kalamu. Mkono wangu ni wa nyundo, herufi hunitoka moja moja. Niliinama juu ya sanduku nililolitengeneza mimi, nikaandika: *Alikuwa amelewa.* Nikatia nukta.

Mwalimu aliivuta karatasi, akaisoma yote kuanzia juu, kama alivyosahihisha madaftari ya watoto, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kilipofika kwenye mwandiko wangu kikakaa.

"Kuna kosa?" nikamwuliza.

"Hakuna," akasema. "Umeandika vizuri."

Akanirudishia. Kisha akamwita yule mama aliyekuwa nyuma yangu.